Hivyo vibawa vya gia usiviogope

Mbale,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu chini ya Mlima Elgon. Sote wazima, mvua inatupiga kila mchana. Nimefurahi mno kusikia lile Subaru lako limefika Kampala salama kutoka bandari ya Mombasa. Ila kuna neno moja katika ujumbe wako limeninyima raha: kwamba vile vibawa viwili vya kubadilishia gia nyuma ya usukani hujavigusa hata siku moja, unaogopa kuua gia boksi. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Gia boksi haifi kwa hilo. Gari lako ni la oto, na kibawa hakijaungana na gia yoyote. Ni swichi tu. Ukikivuta kinapeleka ombi kwa kompyuta ya gari, nayo ndiyo inayoamua. Ukiwa kasi halafu ukaomba gia ya kwanza, itakukatalia, kwa sababu injini ingezunguka kupita kiasi. Cha kulia, chenye alama ya kuongeza, kinapandisha. Cha kushoto kinashusha. Sogeza kwanza mkono wa gia upande wa manyuo, yaani wa kubadilisha gia mwenyewe, kisha tazama dashibodi: namba ya gia uliyomo utaiona.

Hayo utayazoea kwa siku moja. Ninalotaka ulishike ni jingine. Vijana wakiviona vibawa wanawaza kuondoka kwa kishindo, na raha yake ipo, sikatai. Lakini mimi vilinifaa kwenye kushuka.

Mwaka jana kaka aliniazima gari lake, la aina hiyo hiyo, nikamlete shangazi kutoka Kapchorwa. Barabara ile unaijua: ukishaipita Sipi ni kona juu ya kona, mkono mmoja mlima, mkono wa pili bonde, na mbele yako tambarare haina mwisho. Nilishuka na D, gari likijichagulia gia lenyewe, mguu juu ya breki muda wote. Kabla hatujafika Muyembe, harufu kama ya nguo iliyoungua kwa pasi ikaingia ndani, na pedali ya breki ikaanza kuzama kuliko kawaida. Shangazi hakusema kitu. Nilimwona tu midomo inacheza, anasoma dua.

Nikasogeza mkono wa gia upande wa manyuo, nikavuta kibawa cha kushoto. Namba ikatoka nne ikawa tatu, injini ikanguruma, na gari likajishika kama kuna mtu amelivuta kwa kamba kutoka nyuma. Nikavuta tena, ya pili. Nikainua mguu kwenye breki, gari halikukimbia. Tulipopata pahali pana nikaegesha, tukangoja breki zipoe kabisa ndipo tukaendelea. Kutoka pale hadi chini injini ndiyo iliyobeba kazi, breki niliigusa kwenye kona tu.

Kosa nililofanya baadaye nalo nikwambie, usilirudie. Vibawa vya gari lile vinazunguka pamoja na usukani. Kwenye kona moja kali nilikuwa nimeukata usukani karibu nusu duara, kwa hiyo cha kushoto kilikuwa kimehamia kulia. Nikakusudia kupandisha, nikashusha! Lami ilikuwa imelowa, tairi zikateleza, moyo ukanipanda kooni. Tangu siku hiyo gia naimaliza nikiwa bado kwenye mstari ulionyooka, ndipo naingia kona, na ndani ya kona vidole vinashika usukani basi. Ferrari wao vibawa wamevifunga kwenye shina la usukani, havizunguki nao. Kwa vidole vyangu naona hilo ni bora.

Na Ferrari ndio walioleta mtindo huu kwenye mashindano ya Formula 1, gari lao la 640 la mwaka 1989, kazi ya mhandisi John Barnard. Alitaka dereva asiondoe mkono kwenye usukani, na sehemu anayokaa dereva iwe nyembamba, isihitaji nafasi ya mkono wa gia. Kwenye majaribio gia ile ilisumbua vibaya. Halafu dereva wao Nigel Mansell akaenda na gari hilo Brazil, mbio za kwanza za msimu, akabadilishiwa usukani mzima katikati ya mbio, na akashinda! Magari ya barabarani yalifuata mwaka 1997 na Ferrari F355. Kila nikivuta kibawa nakumbuka kwamba kitu hiki kilitoka kule, kikafika hadi kwenye mteremko wa Sipi.

Ukiwa kwenye jamu ya Kampala acha D, usijichoshe. Na ile barabara ya haraka ya Entebbe mwisho ni kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo usiende kujipimia huko. Kabla ya yote mwambie fundi aangalie oili ya gia boksi. Gari limetoka mbali na hujui aliyekuwa nalo aliitunzaje.

Idi panapo majaliwa, njoo nalo huku. Tutapanda Sipi asubuhi barabara ikiwa kavu, na kurudi utaendesha wewe, mimi nitakaa pembeni. Msalimie mama, mwambie ile kahawa aliyoagiza nimeshaipata.

Wako,
Swahiba wa Mbale