Asilimia 0.7 iko wapi?

Bwana Mhariri,

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulizitaka nchi tajiri zitenge asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia nchi maskini. Nyingi hazijafika hapo hadi leo, na wasomi wao bado wanabishana kama kusaidia ni wajibu ama huruma tu.

Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo, hapa mtaa wa Birere, Goma. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 tulikimbilia mji wa Sake. Mama mmoja, hata jina langu hakuliuliza, alitupakulia sombe (majani ya muhogo) sisi kwanza. Watoto wake wakakomba sufuria. Yeye alitoa asilimia ngapi?

Koltani, madini yanayochimbwa kwetu Rubaya, inaishia kwenye simu za hao matajiri (na yangu, sikatai). Walipe bei ya haki, kisha hiyo 0.7 juu yake.

Mama muuza samaki, Goma