Shoga yangu, nimepata jibu la yule mwanafunzi wako

Shoga yangu kipenzi,

Salamu zako mama kazipata na anakusalimia sana, anauliza huko mvua zimekata au bado. Sisi wazima, joto tu ndo linatutesa.

Sasa sikia. Tangu ile siku uliponambia yule binti wa kidato cha tatu kauliza "mwalimu, walijuaje kuna bahari ndani ya mwezi wa Zohali na hawajachimba?" alafu kengele ikalia, mimi sijatulia kabisa, kila nikilala nalifikiria lile swali maana ni swali zuri mno, ni lilelile ambalo na mimi nililibeba miaka bila kumpata wa kuniambia. Nikaona simu haitatosha, acha nikuandikie umsomee na yeye.

Mwambie kwanza hawakuiona. Picha za wazi zilikuja baadae. Kilichoanza kugutuka ni magnetomita, yaani kifaa cha kupima sumaku, ambacho hakipigi picha hata moja, kazi yake kukaa kwenye mlingoti mrefu wa mita 11 nje ya chombo cha angani (wanakiweka mbali vile ili umeme wa chombo chenyewe usikichanganye) na kutuma namba tu, namba juu ya namba, nguvu ya sumaku hapa ni kiasi gani na imeelekea wapi. Chombo kilikua Cassini, kilirushwa Oktoba 1997 kikafika Zohali katikati ya 2004, karibu miaka saba njiani.

Februari 2005 kikapita jirani na Enceladus, ndo huo mwezi wa Zohali alioulizia binti, kamwezi ka barafu, upana wake kama kilomita 500, ni kama barabara ya Dar mpaka Mombasa hivi. Kitu kidogo vile hupoa haraka, kwa hiyo ungetegemea kimeganda mpaka moyoni. Sasa Zohali yenyewe ni sumaku kubwa, na uga wake wa sumaku, yaani eneo lote ambalo nguvu yake ya sumaku inafika, unazunguka pamoja nayo ukiwa umebeba chembechembe zenye chaji ya umeme. Uga huo ukikutana na mwezi mkavu ulioganda, unapita karibu kama vile hakuna kitu. Lakini zile namba zilionyesha umepinda, umejikunja kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe, na hilo "jiwe" lilikua kubwa kuliko mwezi wenyewe! Machi wakapita tena, safari hii kama kilomita 500 kutoka juu yake, mambo ni yaleyale. Maana yake kuna kitu kinatoka pale, hewa au mvuke, kinatanda nje na kuzuia njia.

Kiongozi wa kile kifaa anaitwa Michele Dougherty wa Imperial College London. Huyu mama ni mtu wa Afrika Kusini, kasoma chuo kikuu cha Natal, na alipokua na miaka kumi baba yake alitengeneza darubini pale nyumbani, ndo akauona Mshtarii na miezi yake kwa mara ya kwanza. Hiyo usiache kumwambia binti. Na 2025 kateuliwa mwanafalaki wa kifalme kule Uingereza, cheo kilichoanza 1675 na hakikuwahi kushikwa na mwanamke hata siku moja.

Basi yeye na wenzake wakaenda kwa wakuu wa mradi wakaomba kwamba kitakapopita mara ya tatu chombo kisogezwe karibu kabisa. Mpango wa mwanzo ulikua kipite kama kilomita 1,000, wao wakataka 173. Hapo ndo mimi napapenda kuliko pote, shoga. Fikiria unaomba kubadilisha njia ya chombo kilichogharimu mabilioni, kiko mbali kiasi kwamba amri ya redio inatumia zaidi ya saa nzima kukifikia, na ushahidi ulionao mkononi ni mstari uliopinda kwenye grafu. Huna picha. Huna kitu cha kumwonyesha mtu akasema aah kweli. Wakakubaliwa. Tarehe 14 Julai 2005 kikapita, na kumbe kule ncha ya kusini kuna nyufa ndefu zenye joto kuliko sehemu nyingine zote za mwezi ule, na zinarusha mvuke wa maji na punje za barafu kwenda angani. Novemba ndo kamera ikatoa zile picha ulizonitumia wewe, michirizi inang'aa kwenye giza. Baadae wakapima zile punje wakakuta chumvi ya sodiamu, ndo wakajua maji yake yamekaa na mawe muda mrefu, sio barafu tu ya juu inayoyeyuka. Na Oktoba 2015 Cassini ikachomoka katikati ya ule mvuke, kilomita 49 tu kutoka juu ya barafu, ikakuta haidrojeni, dalili kwamba kule chini maji ya moto na mawe bado vinafanya kazi pamoja.

Akikuuliza sasa sumaku inahusiana vipi na bahari, usimjibu kwa Enceladus, mjibu kwa Europa, mwezi wa Mshtarii, maana pale jibu liko wazi zaidi, na unaweza kumwonyesha darasani. Tafuta bomba la alumini, hata lile la pazia, lijaribu kwanza uhakikishe sumaku hainati (ikinata hilo ni la chuma, halifai), alafu dondosha ndani yake sumaku ndogo yenye nguvu. Itashuka taratiiibu kama inashikwa mkono, na wakati alumini haivutwi na sumaku. Ni kwamba sumaku inayosogea inaamsha umeme ndani ya bomba, na umeme huo nao unatengeneza sumaku yake ya kupingana na ile iliyouamsha.

Europa ni hivyohivyo. Sumaku ya Mshtarii imeinama kama digrii 10, na sayari inajizungusha kwa saa kama 10, kwa hiyo Europa kila baada ya saa 11 hivi inaona uga ukigeuka huku na huku. Barafu haipitishi umeme wa maana, ila maji ya chumvi yanapitisha vizuri. Chombo kilichoitwa Galileo, kilichokua kikizunguka Mshtarii, kilikuta Europa inatoa sumaku yake ya kujibu. Je labda ni chuma tu kilichoko ndani? Mwanasayansi Margaret Kivelson na timu yake wakasubiri Januari 2000, chombo kipite wakati uga wa Mshtarii umeelekea upande wa pili. Ingekua sumaku ya kudumu ingebaki ilivyo, lakini nayo ikageuka! Yaani kuna kitu kipana kinachopitisha umeme chini ya barafu, na maji ya chumvi ndo yanayofaa kuliko chochote. Nilivyosoma hapo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumbani.

Upepo wa jua ulioniuliza wewe mwenyewe, kwa kifupi, ni protoni na elektroni zinazotoka juani bila kukatika, kwa kawaida kama kilomita 400 kila sekunde. Dunia inakingwa na sumaku yake. Mirihi ilikua na yake zamani sana ikapotea, mawe ya kale ya kule bado yanaibeba kumbukumbu yake, na chombo kinaitwa MAVEN kilichofika 2014 kimepima hewa ya Mirihi inavyochukuliwa na upepo huo, kama gramu 100 kila sekunde, na jua likichafuka inazidi. Gramu 100 ni kidogo lakini zidisha kwa mabilioni ya miaka, haba na haba kibaba kimekauka. Na mwisho wa upepo huo tunaujua pia, chombo cha Voyager 2 kilitoka nje yake tarehe 5 Novemba 2018, chembe za jua zikashuka ghafla karibu na sifuri.

Kuna chombo kingine njiani, Juice, kilirushwa Aprili 2023 na kitafika Mshtarii 2031, alafu kije kizunguke Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii. Magnetomita yake iko chini ya Michele Dougherty huyohuyo. Binti wako wakati huo atakua kafika chuo ikiwa hatakatishwa njiani, na wewe ndo wa kuhakikisha hakatishwi.

Fanya lile la bomba wiki hii kabla hawajaanza mitihani, mwache yeye aidondoshe sumaku kwa mkono wake, alafu uniandikie alisema nini.

Wako wa siku zote,
Shoga yako