Barua ya wazi kwa kina mama vijana: mtoeni mtoto kwenye nyungu

Wanangu,

Hamjambo? Naandika nikiwa nimeudhika, na sitawaficha. Nimechoka kuona watoto wa miaka miwili, mitatu, wamebabuka kifua na mapaja, na maelezo kila mara ni yale yale: alikuwa na mafua, tukamfukiza kwa nyungu, ule mvuke wa sufuria chini ya blanketi, akaipiga teke sufuria.

Mtoto wa umri huo hawezi kutulia gizani chini ya blanketi, mvuke ukimpiga usoni. Atalia, atarusha miguu, atamng'ang'ania mama. Sufuria iliyoipuliwa sasa hivi ina maji ya karibu nyuzi 100, na hata maji ya nyuzi 60 humuunguza mtoto vibaya kwa sekunde chache. Blanketi likishalowa, linashika joto na kuligandamiza kwenye ngozi, ndiyo maana majeraha ya nyungu huweza kuingia ndani sana. Wakati wa korona, 2020 na 2021, nyungu ilisifiwa hadharani nchini kwetu Tanzania, na tangu hapo wapo wanaoiona tiba ya kila kitu. Mvuke hauui kirusi. Unalainisha kamasi tu, na kamasi ya mtoto ina njia nyingine ya kulainishwa.

Njia yenyewe ni hii. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, pima mililita 250, koroga humo nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha kusawazishwa, si cha kilima. Mlaze mtoto chali, mdondoshee matone mawili kila pua, ngoja kama dakika moja, kisha futa au vuta kamasi kwa pampu ndogo ya mpira. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha, maana pua ikiziba hawezi kunyonya akapumua. Maji hayo yasilale. Kesho tengeneza mengine.

Mtu mzima anayetaka kujifukiza, sawa. Beseni liwe katikati ya meza imara, kamwe si mapajani wala kitandani. Ngoja dakika tano baada ya kuipua, jifunike taulo jepesi, dakika tano hadi kumi zinatosha. Mchaichai na kivumbasi vinanukia vizuri. Mkaratusi uwe majani machache, tena mbali na vichanga na wenye pumu, kwa kuwa harufu yake kali inaweza kubana kifua. Mafuta yake msiyaweke mahali mtoto anapoweza kufikia: hata kijiko kimoja cha chai kikimezwa kinaweza kuleta degedege.

Kikohozi sasa. Kata tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, iparuze, ikate vipande vyembamba, ichemke taratibu dakika kumi katika vikombe viwili vya maji. Chuja, iache iwe vuguvugu, ndipo utie asali. Ni kinywaji cha mkubwa, na kinatuliza pia kichefuchefu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza, na kitunguu saumu kingi vilevile. Mtoto aliyetimiza mwaka mpe asali peke yake, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala. Aliye chini ya miezi 12 hapewi asali hata ya kulambishwa, hata kama bibi yake ndiye anayemlambisha: ndani yake huweza kuwemo vijidudu ambavyo utumbo wa kichanga hauwezi kuvizuia, vikatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumua. Kuchemsha asali jikoni hakuviui.

Kitunguu saumu kilichopondwa kisifungwe kwenye ngozi ya mtoto, si nyayoni, si kifuani. Kinaunguza.

Shubiri mwitu: kata jani, lisimamishe robo saa utomvu wa njano utoke wote, osha, tumia ute mweupe pekee, juu ya ngozi. Karafuu moja ing'atwe taratibu kwenye jino linalouma, kwa mkubwa, huku ukisubiri kumwona daktari wa meno. Mwarobaini usimpe mtoto mdogo anywe, wala mjamzito. Mafuta yake yamewahi kuua vichanga. Mtoto akiharisha, kabla hujafikiria majani ya mpera, mpe maji ya chumvichumvi. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Kuna wahudumu wanaomfokea mama akisema alimpa mtoto majani, naye safari ijayo anaficha, daktari anabaki kubahatisha. Kuna baba anayeshika nauli hadi asubuhi. Na kuna wauzaji wa chupa zisizo na jina wala kipimo, wakati sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002 na baraza la kuwasajili lipo. Nyinyi semeni tu: majani gani, kiasi gani, saa ngapi.

Hesabuni pumzi za mtoto dakika nzima akiwa ametulia. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi; mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi; au kifua kinabonyea anapovuta hewa, hakuna kuchemsha kitu tena, ni kituo cha afya usiku huo huo. Homa ipimwe malaria ndani ya saa 24. Na aliyekwisha kuungua, mvueni nguo iliyolowa isipokuwa iliyogandia ngozi, mwagieni sehemu iliyoungua maji baridi ya bomba yasiyo na barafu kwa dakika 20, mwili uliobaki ukiwa umefunikwa asipate baridi. Msipake dawa ya meno, yai wala unga. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, mwende naye hospitali.

Bibi yenu