Kamera za polisi: kitufe atashika nani?

Mhariri,

Ni miaka sijaandikia gazeti hili, nilishaamua nyinyi muandike sisi tusome tu yaishe, lakini ile stori yenu ya polisi kuvalishwa kamera kifuani imenichokoza. Ripota amesifu weee, kamera hivi kamera vile, na hakuuliza swali moja la maana: ya kuwasha na kuzima itakuwa kazi ya nani?

Mimi hubeba sukuma wiki kwa pikapu kutoka Limuru hadi Marikiti. Majuzi nikasimamishwa. Insurance iko, leseni iko, inspekshen iko, afande akazunguka gari, akapiga tairi teke, akaniambia taa ya namba pleti haiwaki. Saa nne asubuhi, jua ni la kukausha mahindi! Nikatoa simu nirekodi, akainyakua, akaiweka kwa boneti akaifunika na kofia yake, halafu ndo akaniambia kwa upole, "Mzee, hayo mambo ya video ya nini, si tuongee tu." Tukaongea. Mliwahi kuona mazungumzo ya aina hiyo yakiisha bila noti kukunjwa? Sasa huyo huyo ndo mnataka apewe kamera yake mwenyewe yenye kitufe chake mwenyewe, ataiwasha akivusha watoto wa nasari barabara, na sisi tuonyeshwe hiyo kwa taarifa ya saa moja tupige makofi.

Na msiniambie nina chuki. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alitolewa Homa Bay mzima akaletwa stesheni ya polisi ya Central hapa Nairobi, akatoka maiti. Tukaambiwa aligonga kichwa ukutani mwenyewe, hadi daktari wa maiti alipokataa. Kamera za CCTV si zilikuwepo hapo stesheni? Zilikuwepo, na IPOA wenyewe, wale wa kuchunguza polisi, wakasema zilichezewa. Huko Marekani ambako mnapenda kutolea mifano, Minneapolis 2017, mwanamke alipiga simu polisi yeye mwenyewe kuomba msaada, akapigwa risasi akafa, na maafisa wawili waliokuja walikuwa na kamera mwilini, zote hazijawashwa! Ndo jiji likaanza kukaza sheria. Baltimore mwaka huo huo askari alinaswa akificha dawa za kulevya ndio aje kuzi"pata" kwa sababu kamera yake ilikuwa inahifadhi sekunde 30 za kabla hajabonyeza, na yeye hakukumbuka.

Na tukiwa bado hapo stesheni, P3, ile fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, ni ya bure, mbona kila mtu aliyepigwa anatumwa akatoe kopi kwa saiba ya mbele? Gari nayo haina mafuta hadi mlalamishi aweke. Na kuna pesa ya kamera?

Mkitaka mambo yaende, kitufe kiondolewe kabisa, video iingie moja kwa moja kwa IPOA isipitie kwa OCS, mkubwa wa stesheni, na saa ambayo kamera "iliharibika" afande asilipwe na korti isisikize neno lake dhidi yangu. Kama hiyo ni ngumu basi kamera apewe yule mama anayechoma mahindi pale roadblock, yeye huwa anaona kila kitu, bei ya lori anaijua, ya matatu anaijua, na hata juzi nilipoondoka aliniuliza, "Leo walikukata ngapi?"

Msomaji aliyechoka,
Limuru