Tuwapime Vijana Wetu Moyo Mapema: Wito wa Harambee Kutoka Kanisani Kwetu, Huruma

Wapendwa washirika, wazazi, majirani wa ploti zote zinazotuzunguka, na watoto wetu mlioko kazini mbali na nyumbani: Bwana asifiwe.

Mwaka jana, tukifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka, kijana wetu mmoja wa miaka 15 alikuwa akiketi kila tunapomaliza ubeti. Mimi ndiye niliyemwambia asimame kama wenzake. Akasimama. Akaimba mkono ukiwa kifuani, midomo imemkauka, na baada ya beti mbili akaketi tena. Nilimkemea mbele ya kwaya nzima. Nayaeleza haya kwa sababu ninyi mnaoombwa pesa mna haki ya kujua kilichomwamsha mwombaji. Kijana na mama yake wamekubali niandike habari zao, ila majina nisiyataje.

Mama yake hufulia watu nguo Eastleigh. Wanaishi watu sita katika chumba kimoja, ghorofa ya tano, na maji ya mfereji hayapandi huko. Mbeba maji ni huyu kijana. Kwa miezi kadhaa alikuwa akitua mtungi wa lita 20 kila anapomaliza ngazi za ghorofa moja, anainama, mikono magotini, halafu anaendelea. Waliopishana naye walidhani anapoteza muda. Mama alidhani ni uvivu wa ujana. Usiku alilala ameegemea ukuta, maana akijinyoosha chali pumzi ilimkatika. Lakini katika chumba ambacho watoto wanne wanabanana kwenye godoro moja, gizani, nani angejua kwamba mmoja wao ameketi?

Muuguzi wa kanisa letu alipomwekea kifaa cha kusikilizia moyo, alinyamaza muda mrefu. Kisha akanipa nami nisikilize. Sina elimu ya udaktari, lakini nilisikia: kati ya pigo moja na jingine palikuwa na mvumo, kama maji yanayopita kwenye mfereji uliolegea. Na ndivyo ilivyokuwa. Vali moja ya moyo haifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka.

Madaktari wanauita ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na mwanzo wake hauko moyoni bali kooni. Kuna bakteria waitwao streptokoka ambao huwapa watoto maumivu makali ya koo. Wasipotibiwa vizuri, baadhi ya watoto kinga ya mwili huwageukia: badala ya kuwashambulia bakteria peke yao, inashambulia pia viungo na vali za moyo. Hutokea zaidi kati ya umri wa miaka 5 na 15. Mama huyu alipoulizwa, alikumbuka mara moja. Mtoto alipokuwa na miaka 11, koo lilimuuma wiki nzima. Alienda kemisti akanunua vidonge vinne, kwa sababu pesa ya dozi nzima ndiyo iliyokuwa pesa ya unga. Koo likapoa. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapoa, kifundo cha mguu kikaanza, kikapoa, goti la pili likafuata. Alimkanda kwa maji ya moto. Alifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya.

Ndugu zangu, mtoto wa Runda, kule kwa wenye uwezo, naye huumwa koo. Lakini ana chumba chake, hapumuliani usiku kucha na ndugu watatu. Siku ya pili au ya tatu ameonwa na daktari, na dozi anaimaliza kwa sababu hakuna anayehesabu vidonge na unga kwa mkono mmoja. Ugonjwa huu ulipungua sana Ulaya na Marekani nyumba zilipopanuka na penisilini ilipomfikia kila mtu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili, kwa kuwa ulikuwa umebaki kuwa mzigo wa maskini. Huku kwetu hali ya nyumba bado inauzaa.

Baada ya hapo kamati ya afya ikaamua tuwapime vijana wote wa kanisa, Jumamosi mchana, kwa mashine ya presha ya kuazima. Nilikuwa mwandishi. Alikuja msichana mwembamba wa darasa la nane. Ule mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa upepo ulimzunguka karibu mara mbili. Mashine ikatoa namba nzuri, ya chini, nikainua kalamu. Muuguzi akanizuia: "Usiandike hiyo, ni ya mkanda, si ya mtoto." Akanieleza kwamba mkanda mkubwa kuliko mkono hushusha namba, na mkanda mdogo huipandisha. Aliyefuata alikuwa mvulana mnene. Kwake mkanda ulijaa upepo ukafunguka wenyewe. Jioni ile tulikuwa na daftari la majina mengi lenye safu nzima ya nafasi tupu. Daftari hilo ninalo bado.

Namba yenyewe ina uzito. Kwa kijana aliyefika miaka 13, presha ya 130 kwa 80 kwenda juu, ikirudiwa siku tofauti akiwa ametulia, miguu sakafuni na mgongo umeegemea kiti, inahesabiwa kuwa imepanda. Naye hahisi chochote. Anacheza mpira, anacheka, anakula. Watu wengi hudhani presha ni ya wazee. Mwaka 1973, katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana huko Marekani, daktari Gerald Berenson alianza kuwafuatilia watoto kwa miaka mingi. Kwa wale waliofariki wakiwa bado wadogo, wengi wao kwa ajali, ilionekana kwamba mafuta yalikuwa yameshaanza kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu. Ugonjwa wa mzee wa miaka 55 huanza kutengenezwa akiwa shuleni.

Na unatengenezwa na nini hapa kwetu? Simama kwenye kona yoyote ya Huruma saa saba mchana, uwe kijana mwenye njaa na shilingi 50. Chipsi za kibandani zinashibisha. Smoki iliyopasuliwa na kachumbari inashibisha, na kachumbari ndiyo mboga pekee utakayoila siku hiyo. Ndizi mbili hazishibishi. Parachichi ni zuri, lakini si mlo wa mtu aliyetoka asubuhi na chai ya rangi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apunguziwe zaidi ya hapo. Kwenye chipsi za kibandani chumvi hunyunyizwa mara mbili: na muuzaji, kisha na mnunuzi. Mafuta nayo yamekaangiwa tangu alfajiri hadi yakawa meusi. Siwalaumu akina mama wa vibanda, ambao wengine wao ni wazee wa kanisa hili na wanajua nawapenda. Nao wananunua mafuta kwa kupimiwa, kama sisi.

Ongeza moshi wa jiko la makaa au stovu ya mafuta taa katika chumba kisicho na dirisha la kufunguka. Moshi huo haukomei mapafuni, unaidhuru mishipa ya damu pia. Ongeza usingizi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Wetu analala baada ya muziki wa baa ya chini kunyamaza na anaamka kabla ya alfajiri kuwahi foleni ya maji. Halafu wasiwasi. Landlodi akibisha mlango tarehe 5, mtoto aliye nyuma ya pazia anasikia kila neno, na moyo wake unakwenda mbio pamoja na wa mama. Ikiwa hivyo kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, mwili hukosa nafasi ya kutulia.

Kuna utafiti mmoja ambao muuguzi wetu hupenda kuutaja, nami nimeuelewa kwa kuchelewa. Huko London, kuanzia 1967, wanaume waliofanya kazi serikalini walifuatiliwa mioyo yao. Hawakuwa na njaa hata mmoja, wote walikuwa na mshahara. Hata hivyo wale wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wao, na hata baada ya kuhesabu sigara na presha, tofauti haikuisha. Ngazi ya maisha yenyewe iliingia mwilini. Basi tuache kuwaambia vijana wetu kwamba shida yao ni kutojitunza tu.

Nisije nikasema uongo kwa ajili ya harambee: pesa peke yake hailindi moyo. Hapa Kenya unene uliozidi unaonekana zaidi mijini na kwenye nyumba zenye uwezo kuliko kwa maskini. Kijana anayebebwa kwa gari hadi mlangoni mwa darasa na kunywa soda kila siku naye yuko hatarini. Tofauti ni kwamba yeye hupimwa. Akionekana ana tatizo, kuna anayempeleka, anayelipa na anayekumbuka siku ya kurudi. Kwetu, mtoto hugunduliwa akishaanguka. Bima ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 wengi wetu tulijisajili, ila kujisajili ni jambo moja, na mtu wa kibarua kupata mchango wa mwaka ni jambo jingine.

Kijana wetu wa kwaya hajahitaji upasuaji, tunamshukuru Mungu. Anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, ili koo lisije likaleta shambulio jingine kama lile likaimalizia vali. Ataendelea hivyo kwa miaka 10 au zaidi. Sindano yenyewe si ghali. Kinachomshinda mama ni siku ya kibarua inayopotea, nauli ya watu wawili, na kufika akaambiwa dawa imekwisha, njoo wiki ijayo. Alikosa sindano mbili kabla hatujajua. Sasa kila mwezi mshirika mmoja hupiga simu kuuliza kama dawa ipo, kisha anamsindikiza, na mama anaenda kazini.

Hilo ndilo tunalotaka kuwafanyia vijana wote wa mtaa huu, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu, Wakristo na Waislamu, kwa mwaka mmoja wa kwanza. Bajeti ni shilingi 523,000. Kati yake, 75,000 ni za mashine tatu za presha zenye mikanda ya saizi tatu, pamoja na mizani na kifaa cha kusikilizia moyo kilicho chetu wenyewe. Posho ya muuguzi na msaidizi wake, Jumamosi mbili kwa mwezi, ni 120,000. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, tumekitengea 160,000, tukikadiria vijana 20 kwa 8,000 kila mmoja. Wakipungua, pesa itabaki kwenye mfuko huohuo. Sindano, nauli na kumalizia dozi za koo zimewekewa 60,000. Zilizobaki, 108,000, ni za chakula cha hizo Jumamosi: githeri, sukuma wiki, matunda, chumvi kidogo. Tungependa waone kwamba chakula kizuri kwa moyo kinaweza pia kushibisha.

Kikundi cha akina mama na vijana wenyewe wameshatoa 91,000. Tumebakiwa na 432,000.

Asiye na pesa asijifiche. Tunapokea mahindi, maharagwe, vitunguu, kabeji. Tunahitaji fundi wa kutoboa dirisha la pili katika chumba cha kupimia. Tunahitaji mtu wa matatu atakayekubali kumbeba bure mgonjwa na msindikizaji mara moja kwa mwezi. Na ombi moja lisilo na gharama kwa wenye magari: Jumamosi mchana msiegeshe ndani ya uwanja wa kanisa. Vijana wanapaswa kukimbia na kucheza angalau dakika 60 kwa siku, na uwanja huo ndio eneo la pekee mtaani mwetu ambalo halijajengwa wala halijamwagwa taka.

Harambee ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya saa nne. Nambari ya M-Pesa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo na imo kwenye bahasha mtakazopewa mlangoni. Tafadhali msiitume pesa kwa nambari nyingine yoyote, hata mkiipata kwa mtu mnayemjua. Bahasha zitafunguliwa mbele ya wote, mweka hazina na wazee wawili watatia sahihi, na hesabu itabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi hadi shilingi ya mwisho itumike. Wenye ahadi wataandikwa na kupewa miezi mitatu.

Njooni na vijana wenu siku hiyo, kuanzia miaka 10. Meza ya kupimia itakuwa kushoto mwa mlango mkubwa. Kijana wetu wa kwaya ndiye atakayeandika majina, akiwa ameketi.

Katibu, Kamati ya Afya ya Kanisa