Kwa Zuhura, kuhusu mguu wa Mama

Mpenzi Zuhura,

Mpe Mama shikamoo zangu. Umeuliza inakuwaje mtu anayeumwa TB ya mapafu avimbe mguu mmoja, daktari aseme damu imeganda kwenye mshipa, na mguu haukugongwa popote. Jibu liko kwenye kinga yake ya mwili.

Vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali, milango midogo ya kuizuia damu isirudi chini, na nyuma ya kila vali pana kifuko kidogo ambamo damu huenda polepole, hasa kwa mtu anayelala kutwa. Oksijeni ikipungua pale, ukuta wa mshipa hutoa protini zinazonata, chembe nyeupe zinanasa. Monositi, aina moja ya chembe nyeupe, huja na kichocheo cha kugandisha damu. Nyutrofili, aina nyingine, na hili hunishangaza hadi leo, hupasuka na kutema DNA yake yenyewe, nyuzi zilizotanda kama jarife. Wavu huo, uliotambuliwa na watafiti wa Berlin mwaka 2004, kazi yake ni kunasa vijidudu. Ila hunasa pia chembe sahani, zile ndogo zinazosaidia damu kuganda, na chembe nyekundu, na bonge la damu hukulia humo. TB huziweka chembe nyeupe macho kwa miezi, huku ini likizidisha fibrinojeni, protini ambayo ndiyo hufumwa kuwa bonge. Jeraha halihitajiki.

Nakusihi, mguu usichuliwe, hata kwa mafuta. Kipande kikichomoka kinakwenda mapafuni. Pumzi ikimkata ghafla au kifua kikimchoma, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa. Rifampisini iliyo ndani ya vidonge vya TB huchangamsha vimeng'enya vya ini, wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ikavunjwa upesi. Dozi inayowatosha wengine haitamtosha. Wapo wanaohitaji mara 2 hadi 5 yake. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na wiki za mwanzo kipimwe mara kwa mara. Rivaroxaban, kidonge kingine cha kuzuia damu isigande, nayo hupungua nguvu, kwa hiyo kubadili kidonge tu si suluhisho.

Akimaliza dawa za TB mambo hugeuka. Ndani ya wiki 2 hivi ini hurudia kasi yake ya kawaida, na kama bado anameza ile wafarini nyingi, INR hupanda na damu huanza kutoka kwenye fizi, puani, au choo kinakuwa cheusi. Andika tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye kadi yake ya kliniki, na umwambie daktari mapema ili dozi ipunguzwe kwa vipimo.

Nitumie majibu ya INR yakitoka.

Wako,
Rehema