Kwa nini hatukupi chati ya kutenganisha vyakula siku ya kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja aliingia ofisini kwetu, tunakowapangia watu ulaji, nikamvutia kiti, akasema hakai. Alikuwa amelipia huduma ya miezi mitatu. Alikuwa amekuja kufuata ratiba ya kutenganisha vyakula: wanga mlo wake, nyama mlo wake, matunda peke yake, na saa nne au tano kati ya mlo na mlo. Anataka kupungua, anataka nguvu zake zirudi, maana ikifika alasiri anajiona kama gunia. Siku ya kwanza tukampa daftari jembamba la kuandika kila anachokula kwa siku saba, tukamwomba akapime damu. Ndiyo sababu ya kugoma kukaa. "Nimelipa ili niambiwe niandike?"

Malalamiko haya tumeyasikia mara nyingi mno, kila mtu kwa maneno yake. Wengine hawayasemi mbele yetu, huondoka kimya na kwenda kusimulia huko nje kwamba tunakula hela za watu. Inaniuma, kwa hiyo leo naeleza yote, na atakayemaliza kusoma aamue mwenyewe kama ametapeliwa.

Mtindo wa kutenganisha vyakula ni wa zamani. Aliyeueneza zaidi ni daktari wa Marekani, William Howard Hay, aliyezaliwa mwaka 1866. Aliugua figo na presha, uzito ukiwa mkubwa, akabadili ulaji wake na afya ikarejea. Akajenga hoja kwamba protini huhitaji asidi ili isagike na wanga huhitaji hali isiyo na asidi, kwa hiyo vikikutana tumboni kimoja humzuia mwenzake, chakula kinachacha, mwili unajaa uchafu na mtu anachoka. Hoja inaingia akilini haraka sana. Nakiri kwamba mara ya kwanza kuisikia, kabla sijasoma kazi hii, niliiamini.

Lakini tumbo halifanyi kazi hivyo. Wanga huanza kuvunjwa mdomoni kwa mate, na protini huanza kuvunjwa tumboni kwenye asidi kali. Kazi kubwa iko mbele, kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga kwa mkupuo mmoja vimeng'enya (visaidizi vya kusaga chakula) vya wanga, vya protini na vya mafuta, pamoja na maji maji yanayopoza ile asidi iliyotoka tumboni. Vyote vinafanya kazi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kongosho halisubiri kuambiwa leo ni zamu ya nani.

Tena chukua punje moja ya maharage uiweke kiganjani. Utaihesabu wapi? Ikiwa kavu, zaidi ya nusu yake ni wanga, na karibu robo ni protini. Ngano ina protini. Maziwa yana protini, mafuta na sukari. Hata maziwa ya mama, chakula cha kwanza kabisa cha binadamu, yamechanganya vyote vitatu, na mtoto ananenepa nayo vizuri. Kwa hiyo mtu anayesema ametenganisha, mara nyingi ametenganisha majina tu.

Jambo hili limepimwa pia. Mwaka 2000 watafiti wa Geneva, Uswisi, walichapisha matokeo ya watu 54 wenye unene uliozidi. Kwa wiki sita, chini ya uangalizi, wote walipewa kalori 1100 kwa siku, kundi moja likitenganisha vyakula na lingine likila mchanganyiko wa kawaida. Waliotenganisha walipungua wastani wa kilo 6.2, waliochanganya kilo 7.5, na tofauti hiyo kitaalamu haikuwa na uzito wa kutangaza mshindi. Makundi yote mawili yalipungua kwa sababu moja: chakula kilikuwa kidogo.

Ndiyo maana sishangai mteja akiniambia jirani yake ametenganisha na suruali zinamvuka. Kanuni ile inambana bila yeye kujua. Mkate hauliwi tena na nyama, basi vipande vinne vya mkate vimeondoka. Saa nne zisizo na kutafuna zimeua karanga za mezani na biskuti za saa kumi. Mboga zimeongezeka, tumbo linajaa mapema. Hayo yote ni mema na tunayapenda. Tatizo ni pale mtu anapodhani kazi imefanywa na kule kutenganisha, kisha anarudi kula kiasi kilekile, kikiwa kimetenganishwa.

Halafu kuna hili la wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka. Mzani unashuka kilo mbili hata tatu na mtu anapiga simu kwa furaha. Siku akila wali wa kushiba mara mbili, maji yanarudi palepale, na simu inayofuata ni ya kilio: "Uzito wote umerudi!" Haukurudi, kwa sababu mafuta yalikuwa bado hayajaondoka. Sisi wiki mbili za mwanzo mzani hatuusherehekei. Tunapima kiuno kwa utepe, usawa uleule, asubuhi, kabla ya kula. Baada ya hapo, mtu akipungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, tunaridhika.

Sasa nirudi kwenye daftari, kwa sababu ndilo linalogombaniwa. Kaka mmoja alikuja baada ya miezi miwili ya kufuata chati aliyotumiwa kwenye simu. Alikuwa mwaminifu kweli kweli, hakuchanganya hata mara moja, na uzito haukusogea. Daftari lake lilikuwa safi: samaki na mboga mchana, wali na mboga usiku. Pembeni, kwa herufi ndogo, kaandika "chai", "chai", "chai", mara tano kwa siku. Nikamuuliza sukari vijiko vingapi. Vitatu. Kijiko cha namna gani? Hapo akasita. Kesho yake akaja nacho, kijiko cha chai cha kawaida, akachota kama anavyochota nyumbani, kilima juu. Nikakiweka kwenye mzani wetu mdogo wa jikoni: gramu 9. Mara tatu, mara tano, ni gramu 135 za sukari kwa siku, yaani kalori 540. Alitazama namba ile kwenye kioo cha mzani bila kusema neno. Kwenye chati yake chai haikuwa chakula, kwa hiyo hakuihesabu. Chati haiwezi kumuuliza mtu kuhusu kijiko.

Daftari zuri kwetu ni lile lenye alama ya mafuta kwenye kurasa, kwa sababu limeandikwa mezani na jikoni. Likija jeupe na mwandiko wa kalamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, najua limejazwa usiku mmoja kabla ya kuja, na namwomba mteja aanze upya. Wengine hukasirika. Lakini kupanga ratiba kwa kumbukumbu ya kubuni ni sawa na fundi kukata kitambaa kwa kukadiria kwa macho.

Njia ya mkato inayotupa kazi kubwa zaidi ni hii ya kuchukua chati ya mtu mwingine. Mtu anaona tunatoza, anaona chati inazunguka bure kwenye simu, anaichukua. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mzee mmoja anayetumia insulini alifanya hivyo kabla hajatufahamu. Mchana akala samaki na mboga tupu, bila wanga wowote kwa sababu chati imesema, na sindano akachoma kipimo chake cha siku zote, kilichopangwa kwa mlo wenye wanga. Kufika alasiri anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Bahati nyumba ilikuwa na watu, wakampa maji ya sukari, kisha wakamkimbiza hospitali. Alipokuja kwetu baadaye, mkewe ndiye aliyesimulia, mzee mwenyewe akiangalia chini. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, tafadhali usibadili mpangilio wa wanga kabla ya kuongea na daktari wako. Sisi wenyewe hatubadili bila barua yake.

Na hapo ndipo karatasi ya damu inapoingia. Mtu akiniambia "nataka nguvu zirudi", sijui bado nguvu zilikwenda wapi. Uchovu unaweza kuwa wa usingizi mbovu, wa tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, wa kisukari ambacho hakijajulikana, wa upungufu wa damu, wa mawazo, au wa kula kidogo mno, kwa sababu wapo wanaojinyima mpaka mwili unaishiwa. Kumtenganishia chakula mtu mwenye upungufu wa damu ni kumpotezea muda, na wakati mwingine ni kumuongezea shida, hasa akiambiwa matunda yaliwe mbali na kila kitu. Madini chuma ya kwenye maharage na mboga za majani huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na chungwa, limau, nyanya au pilipili hoho, kwa ajili ya vitamini C. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na mlo huyazuia. Kwa hiyo kuna mpangilio wa vyakula tunaoujali sana, ila mara nyingi unaelekea upande wa kukutanisha: chuma na vitamini C, nafaka na jamii ya kunde ili protini zikamilishane, mboga na mafuta kidogo ili vitamini A ifyonzwe. Kwa wenye kisukari cha aina ya 2 tunapanga hata mfuatano ndani ya sahani moja, mboga na protini zikitangulia na wanga ukifuata, kwa sababu sukari haipandi sana baada ya mlo kama huo.

Kuhusu bei. Najua inasemwa kwamba tunauza karatasi. Kikao cha kwanza ni dakika tisini, na mara nyingi kinapita hapo. Daftari la siku saba nalisoma mstari kwa mstari, nahesabu kila mlo, narudi kumpigia mteja kuuliza "kipande cha nyama" ni cha ukubwa gani. Ratiba ninayoandika ina chakula anachokipika kweli, kwa saa anazofanya kazi, kwa watu anaokula nao meza moja. Mama anayelisha nyumba ya watu saba siwezi kumpangia sufuria yake peke yake. Ataifuata siku tatu na ataiacha, na atakuwa na haki ya kuiacha. Kisha kuna ufuatiliaji wa wiki kumi na mbili, na kila kikao tunabadili kitu. Kwa kazi hiyo bei haishuki, na sitaomba radhi kwa hilo. Atakayeshindwa kulipa kwa mkupuo tunampangia awamu, lakini vikao hatupunguzi, kwa sababu tulipowahi kupunguza, watu wale wale walirudi baada ya nusu mwaka, wazito kuliko mwanzo, wakalipa mara ya pili.

Wanaotaka kutenganisha kwa sababu wanaona tumbo linakuwa jepesi hatuwakatazi. Tunawapangia hivyo, tukihakikisha protini inatosha kila siku ili misuli isipungue pamoja na mafuta, na kwamba mlo wa wanga peke yake haugeuki kuwa sinia. Tunachokataa ni kuwaambia kwamba hiyo ndiyo itakayowapunguza.

Yule dada alirudi Jumanne. Safari hii alikaa. Majibu ya damu yalikuwa kwenye bahasha, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) gramu 8.6 kwa desilita, wakati kwa mwanamke mzima asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12. Tulipoongea, akasema hedhi yake ni nzito na huchukua siku tisa, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu alidhani ndivyo lilivyo kwa kila mwanamke. Nimemwandikia barua ya kwenda kwa daktari, na suala la kupungua tumelisogeza mbele mpaka damu ipande. Daftari lake lilikuwa na alama za mafuta. Kwenye ukurasa wa siku ya nne alikuwa amekula tunda moja asubuhi na yai moja usiku, basi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema siku ile alilala saa mbili usiku na viatu miguuni.

Kwa wanaokuja kuanza mwezi ujao: njoo na majibu yoyote ya damu uliyonayo hata kama ni ya mwaka jana, dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake, na kijiko unachochotea sukari nyumbani. Asubuhi ya kikao kula kama kawaida. Daftari utalikuta kwetu.